Kaka yake babu "alikufa majini" akiwa jeshini: ni vita vipi, na jina lake nilitafute wapi?

#1 Nyar_Gem
Habari wakuu. Naomba msaada wa yeyote aliyewahi kufuatilia wazee waliokwenda jeshi la mkoloni.

Kwetu ni Gem, upande wa Yala. Babu yangu mzaa baba alikuwa na kaka yake, kifungua mimba wa nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza. Huyo kaka alichukuliwa na serikali kwenda vita vya Wajerumani, hakurudi. Wazee wanasema "alikufa majini", basi. Barua hakuna, picha hakuna. Pale nyumbani walizika tunda la yago (mwegea), kama inavyofanywa mtu akipotea bila mwili kuonekana, na kaburi hilo tunalipalilia hadi leo.

Baba anashikilia kuwa alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles). Shangazi yake baba, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote tuliobaki nao, anasema alikuwa mpagazi wa Kariakor (Carrier Corps). Mwaka hakuna anayeujua. Babu alizaliwa karibu na 1918, lakini mikayi aliolewa zamani sana kabla ya mama yake babu, kwa hiyo kaka mtu anaweza kuwa wa vita vya kwanza au vya pili.

Nataka jina lake lisomeke mahali. Shangazi amezeeka na ningependa alione. Nianzie wapi?

#2 Samaki_wa_Dunga
Naweka kambi hapa. Nami nina mzee wa Panyako (Pioneer Corps, kikosi cha kazi) ambaye nyumbani wanamsimulia kila mtu kivyake.

#3 Karani_wa_Zamani
Dada Nyar Gem, kabla ya kutafuta jina tafuta vita. Kumbukumbu za vita hivi viwili hazifanani hata kidogo.

Vita vya 1914 hadi 1918: wapagazi wa Kenya waliokufa ni zaidi ya 40,000, wengi kwa kuhara damu, malaria, kichomi na njaa, wachache kwa risasi. Hao karibu wote hawakuandikwa jina kwenye jiwe lolote. Ile sanamu ya watu watatu iliyoko Kenyatta Avenue Nairobi ndiyo "kaburi" walilopewa kwa jumla, askari na wapagazi pamoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na hesabu huenda ikafika 350,000. Waziri wa ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni.

Vita vya 1939 hadi 1945: hapo majina yapo. Nenda makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi, kuna mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki wenye majina ya wasio na kaburi. Orodha yote iko kwenye tovuti ya hiyo Tume, unatafuta bure, na wakati mwingine utakuta jina la baba na wilaya aliyotoka.

Kwa hiyo ukimkuta kwenye orodha ya vita vya pili, kazi imekwisha. Usipomkuta, bado hujathibitisha kitu.

#4 Mwalimu_Kakamega
Karani ameeleza vizuri. Mimi niliposoma "alikufa majini" nilishtuka, kwa sababu kuna tukio moja linaloingia hapo moja kwa moja.

Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo, Sri Lanka ya leo, ikipeleka wanajeshi kwenye vita vya Bama (Burma, Myanmar ya leo). Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani iliipiga. Ilizama kwa muda usiofika dakika tatu. Watu 1,297 walikufa, wakiwemo wauguzi wanawake kadhaa, lakini kundi kubwa kuliko yote lilikuwa Waafrika wa huku kwetu. Hawana kaburi, majina yao yako kwenye huo mnara wa Ngong Road.

Mtu wa Nyanza, hakurudi, mwili haukuonekana, majini. Dada, anzia hapo.

#5 Baba_Akinyi
Mwalimu, pole pole. Amesema vita vya Wajerumani, na hao uliowataja walikuwa wanakwenda kupigana na Mjapani. Kwa nini tuvuke bahari wakati ziwa liko hapa? Vita vya kwanza meli za kivita zilikuwa zikitoka Kisumu. Juni 1915 jeshi lilipakiwa Kisumu hapa hapa, Keya wakiwemo, likaenda kuishambulia Bukoba. Mpagazi wa Gem angetembea hatua chache tu hadi bandarini. Majini ni Nam Lolwe, Ziwa Victoria.

#6 Mwalimu_Kakamega
Bukoba naijua, ndugu. Lakini shambulio lile lilikuwa la siku mbili na waliokufa upande wa Mwingereza ni wachache mno. Sijapata popote habari ya meli ya wanajeshi kuzama kwenye safari ile.

#7 Baba_Akinyi
Haihitaji meli kuzama. Mtu mmoja akianguka usiku kutoka kwenye tishari, nani ataandika? Mpagazi?

#8 Mtoto_wa_Mumias
Mnasahau Rufiji. Mapema mwaka 1917 mvua ilinyesha kupita kiasi, mto ukafurika, majeshi yakakwama kwenye maji na matope, na chakula hakipiti. Wapagazi walikufa kama nzi. Mzee wetu mmoja aliyerudi kutoka huko alikuwa akisema "tulilala majini, tukala majini". Kwake, kufa majini ni kufa Rufiji.

Huku kwetu watu walichukuliwa kwa wingi. Nabongo Mumia alitakiwa atoe watu kama machifu wengine. Na kumbukeni sheria ya kulazimisha upagazi ilitungwa 1915, halafu 1917 ukaja msako mkubwa chini ya John Ainsworth. Huyo Ainsworth kabla ya hapo alikuwa ndiye mkuu wa jimbo la Nyanza, ofisi yake Kisumu, kwa hiyo alijua kila lokesheni ina vijana wangapi. Gem wakati huo ilikuwa chini ya chifu Odera Akang'o, na mnajua hakuwa mtu wa kuambiwa kitu akasema kesho.

#9 Koplo_Lanet
Salaam. Nimelitumikia jeshi la Kenya, Lanet, Nakuru, sasa nimestaafu. Nisahihishe jambo moja.

Mwalimu, Waafrika wengi waliokuwa kwenye Khedive Ismail walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga ya Afrika Mashariki. Keya ni askari wa miguu. Hiyo ina maana baba yake dada akisema "Keya" na jina likapatikana kwenye kikosi cha mizinga, asikatae. Nyumbani aliyevaa kaptula ya kaki na kubeba bunduki aliitwa Keya, awe dereva, mpishi, mtu wa mizinga au wa hospitali. Nimeona familia zikipita jina la mzee wao kwa sababu limeandikwa chini ya kikosi ambacho hawakukitarajia. Tafuteni jina kwanza, kikosi baadaye.

#10 Nyar_Gem
Ahsanteni sana, sikutarajia majibu haya yote. Nimempigia shangazi simu jioni hii, amenipa mambo matatu.

Kwanza, anakumbuka kuna kipande cha chuma cha huyo mzee kilichokuwa kimetundikwa ukutani nyumbani kwa mikayi, watoto wakikatazwa kukigusa. Pili, anasema alikuwa akileta pesa nyumbani, na pesa yenyewe ilikuwa rupia. Tatu, aliacha mke na binti. Binti alishafariki lakini wajukuu wana kadi yake ya ubatizo: alizaliwa 1938, na jina la baba ni lake huyo mzee.

#11 Mwalimu_Kakamega
Basi. Binti wa 1938 hawezi kuwa wa mtu aliyekufa 1917. Na kipande cha chuma ni kile cha shingoni, kitambulisho ambacho Waafrika walianza kuvalishwa baada ya vita vya kwanza, 1919 na 1920. Ni vita vya pili.

#12 Shangazi_Kibuye
Mwalimu, wewe si mtu wa huku, na nakuambia kwa heshima. Mjaluo akifa, mjane harudi kwao. Anakaa nyumbani kwa mumewe, ndugu wa marehemu anamrithi, na watoto wanaozaliwa ni wa marehemu. Jina la baba kwenye kadi ni la mwenye nyumba, hata kama amezikwa miaka 20 iliyopita. Padri aliandika alichoambiwa. Kadi hiyo inamjua baba wa kimila tu.

#13 Mwalimu_Kakamega
Nakubali mila hiyo, hata kwetu Waluhya ipo. Lakini hesabu, mama. Mke aliyeolewa kabla ya 1917 mwaka 1938 angekuwa na zaidi ya miaka 40.

#14 Shangazi_Kibuye
Mama yangu alizaa kitinda mimba akiwa na 44. Unataka nikuletee huyo kitinda mimba? Yuko Kondele anauza vipuri.

#15 Samaki_wa_Dunga
Mwalimu amepigwa bao la mapema 😂

#16 Karani_wa_Zamani
Tuendelee taratibu, maana dada ametupa vitu vya maana.

Hicho chuma kinahitaji kuangaliwa, kama bado kipo. Cheti cha kipande kilikuwa karatasi yenye alama za vidole ndani ya kikasha cha chuma. Lakini wapagazi wa vita vya kwanza nao walipewa visahani vya chuma vyenye namba. Kikasha na kisahani ni vitu tofauti kabisa, na mtoto aliyeviona ukutani zamani atasema tu "chuma". Muulize shangazi: kilikuwa bapa au kilikuwa kinafunguka?

Rupia: hiyo ilikuwa pesa rasmi hadi 1920, ikafuata florini kwa muda mfupi, kisha shilingi.

#17 Baba_Akinyi
Rupia si ndio hiyo sasa! Vita vya kwanza. Nilisema.

#18 Shangazi_Kibuye
Baba Akinyi, hata bibi yangu alikuwa akiita shilingi mbili rupia, na hiyo ni miaka ya uhuru. Sokoni Kibuye wazee waliendelea kuhesabu hivyo. Rupia haimwambii dada kitu.

Mimi nina jambo jingine ambalo hakuna aliyeligusa. Je, kama hakufa? Ndugu wa babu yangu alikwenda na Kariakor, akahesabiwa amekufa, yago likazikwa, mke akarithiwa. Baadaye sana ikajulikana alibaki Tanganyika, akaoa huko, akawa na watoto, na watoto hao walikuja kututafuta wenyewe kabla jumuiya ya zamani haijavunjika. Alipoulizwa kwa nini hakurudi alisema alisikia kwao watu wamekwisha kwa ugonjwa na njaa. Mwaka 1918 na 1919 ugonjwa wa mafua uliua wengi kweli, hakuwa mwongo.

Neno "majini" watu hulisema pia wasipotaka kusema "alitoroka". Mtu aliyetoroka jeshi ni aibu na ni hatari kwa chifu. Aliyezama haulizwi.

#19 Nyar_Gem
Shangazi, hilo limenigusa. Sikuwahi kuliwaza. Sijui nitamuulizaje baba.

#20 Chelimo_Njoro
Poleni wote. Natoka Njoro, Nakuru. Naomba niseme la kwetu kwa sababu linafanana kwa namna fulani.

Babu yangu, Mnandi, tulikua tukijua alipigana Bama. Alituonyesha medali. Alipofariki nikaichukua, nikaitazama vizuri. Utepe wake ni wa manjano, kingo nyeusi, katikati mistari miwili ya kijani. Juu ya utepe kuna kipande cha fedha kilichoandikwa KENYA. Nikauliza watu wanaojua. Nyota ya Bama ni ya shaba yenye ncha sita, utepe wake una mstari mwekundu katikati, na haina kipande cha KENYA. Hii ya babu walipewa waliotumika wakati wa hali ya hatari, kuanzia Oktoba 1952. Maana yake babu alikuwa upande wa Keya dhidi ya Mau Mau.

Tuna majirani Wakikuyu ambao tumeoana nao. Ndipo nikaelewa kwa nini mzee alichagua Bama. Sikumlaumu, ila nilihuzunika kwamba alilibeba peke yake.

Kwa watafutaji wengine: medali hii huwa na namba, cheo na jina la mwenyewe, vimechongwa kwenye ukingo. Chukua kioo cha kukuzia. Mimi ndipo nilipopata namba yake ya jeshi.

#21 Koplo_Lanet
Chelimo, ahsante kwa ukweli. Inawezekana pia alikwenda kote kuwili. Walioanza Bama na kuendelea na jeshi hadi miaka ya 50 walikuwepo, na baadhi ya medali za zamani ziliuzwa kwa ajili ya karo. Kukosekana kwa nyota ya Bama hakumfanyi babu yako mwongo.

#22 Chelimo_Njoro
Nashukuru, afande. Nimelisoma hilo mara mbili.

#23 Mtoto_wa_Mumias
Na hata mtu mmoja kuwa kwenye vita vyote viwili si ajabu. Hussein Onyango wa Kogelo, babu yake Obama, familia yake husimulia kuwa alitumika vita vya kwanza na vya pili akaenda na Keya kama mpishi. Kwa hiyo baba na shangazi wa Nyar Gem wanaweza wote wawili kuwa sahihi: Kariakor akiwa kijana, akarudi, akaoa, akamzaa binti 1938, akaondoka tena.

#24 Baba_Akinyi
Mtu aliyeiona Kariakor arudi tena kwa hiari yake? Sikubali.

#25 Mtoto_wa_Mumias
Nani kakwambia ni kwa hiari? Na mwaka 1940 kulikuwa na kodi ya kulipwa.

#26 Samaki_wa_Dunga
Sasa mwenzenu naomba kusaidiwa na mimi. Mzee wangu wa Panyako alikwenda Misri. Kuna mtu alikuja kijijini kwetu mwaka jana, amevaa suti, akaandikisha familia za wazee wa jeshi kwa ada ya usajili, eti fidia iko njiani kutoka Uingereza. Bibi alitoa pesa ya kuku. Simu yake haipatikani tena.

#27 Karani_wa_Zamani
Samaki, pole sana, mwambie bibi asitoe hata shilingi nyingine. Msaada ambao Uingereza ilitangaza mwaka 2018 ulikuwa wa maveterani walio hai na wajane wao, watu wasiojiweza, na hakuna ada ya kuandikishwa. Wajukuu hawamo. Andikeni jina la huyo mtu kwa chifu na polisi.

Nyar Gem, turudi kwako, maana uzi unaelekea kutawanyika. Nitakwambia ningefanya nini mimi.

Kwenye tovuti ya Tume usitafute jina kama mnavyoliandika leo. Karani wa jeshi aliandika alichosikia, na mara nyingi hakuwa Mjaluo. Ondoa "O" ya mwanzo, weka "W" badala yake, badilisha "ch" iwe "j", jaribu jina la baba yake likiwa la kwanza. Kabila linaweza kuwa Jaluo au Kavirondo (jina la kikoloni la Nyanza na watu wake). Wilaya haitakuwa Siaya, itakuwa Central Kavirondo.

Halafu nenda kwenye hifadhi ya nyaraka, Kisumu kuna kituo, na Nairobi Moi Avenue kuna makao makuu. Omba orodha ya mafaili ya PC/NZA (mkuu wa jimbo la Nyanza) na DC/CN (mkuu wa wilaya yenu). Usitegemee kukuta jina kwenye ukurasa wa kwanza. Utakuta ripoti za mwaka, idadi ya watu waliotolewa kila lokesheni, na barua za machifu kuhusu wajane. Ukiwa na bahati utakuta orodha za mishahara ya marehemu ambayo haikuchukuliwa, suala lililozungushwa maofisini miaka mingi baada ya vita vya kwanza.

Uingereza, hifadhi ya Kew, ina kadi za medali za vita vya kwanza kwenye WO 372, na baadhi ya Keya wamo. Shajara za vikosi ziko WO 95 kwa vita vya kwanza na WO 172 kwa Bama, ila hizo hutaja maofisa na kuwahesabu askari kwa idadi tu.

#28 Mwalimu_Kakamega
Naongeza: vita vya pili taarifa ya kifo ilipitia kwa DC na chifu. Familia isingebaki gizani kiasi hiki. Hapo nakiri, hoja hii inanivuta upande wa vita vya kwanza, ingawa moyo wangu bado uko kwenye Khedive Ismail.

#29 Shangazi_Kibuye
Taarifa ilifika kwa baba wa marehemu. Kama baba alishakufa na chifu alikuwa na ugomvi na boma lile?

#30 Nyar_Gem
Nimerudi. Nimetafuta kwenye tovuti jinsi Karani alivyoelekeza. Wapo watatu wenye jina linalofanana na lake, vita vya pili. Mmoja ni wa mizinga, tarehe 12 Februari 1944, bila jina la baba wala wilaya. Mmoja ni wa Panyako. Wa tatu ni wa Keya, ameandikwa Kenya tu.

Shangazi anasema chuma kilikuwa bapa. Baba anasema kilikuwa kinafunguka na ndani mlikuwa na karatasi. Wamebishana mbele yangu.

#31 Koplo_Lanet
Andika namba za jeshi za hao watatu kabla ya kitu kingine. Na muulize shangazi peke yake, baba asiwepo, jina la utani la huyo mzee. Wengi waliandikishwa kwa jina la utani.

#32 Baba_Akinyi
Bapa! Kisahani cha Kariakor. Mimi sina la kuongeza.

#33 Wekesa_Webuye
Nimechelewa kuuona uzi huu. Huko kwetu Bukusu mwaka wa kuzaliwa mzee tunaukadiria kwa tohara, kwa kuwa hufanywa mwaka wa shufwa na kila kundi lina jina lake. Wajaluo mnatumia nini? Kama shangazi anakumbuka huyo mzee alishang'olewa meno ya chini na alikuwa rika moja na nani kijijini, tafuteni kaburi la huyo mwenzake lenye tarehe. Pia nina swali la kwangu: kuna anayejua kama orodha za Kavirondo ya Kaskazini ziko Kakamega au zilihamishiwa Nairobi?

#34 Karani_wa_Zamani
Wekesa, anza na DC/NN, Nairobi. Kakamega kuna kituo pia, piga simu kwanza uwasomee namba ya faili ndipo upande gari.